Hodi ya Tatu

Dakika arubaini zilikuwa zimebaki hodi ya kwanza ilipopigwa.

"Hodi hapa."

Radhiya hakuitika. Mtihani wa leseni ya kutibu wagonjwa nchi za nje alikuwa akiufanya kwa kompyuta, chumbani kwake ghorofani Mkunazini, na masharti aliyajua kwa moyo: uso usitoke kwenye kamera, mdomo usitamke neno. Ukitamka, mtihani umekufa. Mwaka jana alianguka kwa alama nne. Nafasi nyengine hawampi.

Taa ndogo ya kijani ya kamera, juu ya kioo cha kompyuta, ilimkodolea jicho.

"Hodi, mwanangu. Nnajua umo, viatu vyako nnaviona."

Alikuwa bibi wa chini, jirani asiyeishiwa maneno. Lakini leo kila neno alilivuta peke yake, kama ndoo kisimani, na baina ya neno na neno kifua chake kilipiga mluzi. Radhiya aliujua mluzi ule. Pumu.

Kidole kikaganda juu ya kitufe. Hodi ni tatu, ndivyo alivyolelewa. Ya tatu isipoitikwa, mgeni hurudi kwake na lawama hakuna. Akaiomba ije. Bibi ashuke, akamgongee mwengine.

Haikuja.

Mluzi ulikatika. Kitu kikauegemea mlango, kikateleza taratibu mpaka chini.

Radhiya aliitazama taa ya kijani.

"Karibu, bibi," alisema kwa sauti, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Nnakuja."