Leseni Huhuishwa Nyumbani

Siku hizi muuguzi huhuisha leseni kwa mtihani wa kushtukiza. Baraza la wauguzi humpanga mtu wako wa karibu ajifanye mgonjwa, na wewe huambiwi lini. Mama mkwe alipoanguka mezani akishika kifua, kwanza nilikwenda kunawa mikono, kama kanuni zinavyotaka.

"Mama, mimi ni Muuguzi Tusajigwe. Naomba ridhaa yako nikuhudumie."

Hakuitikia. Nikakandamiza kifua chake, nikitaja kila hatua kwa sauti nisije nikapoteza alama. Mume wangu, Ambakisye, aliendelea kula.

"Mama anaigiza vizuri kuliko yule jirani wa mwaka juzi," alisema.

Kilichobaki ni mgonjwa kufumbua macho na kusema, "Umefaulu."

"Mama," nilisema, "nimemaliza."

Ambakisye akaacha kutafuna.