Milango ya Mama Nguchiro

Mama Nguchiro alifiwa na mumewe kwa sababu ya mlango. Chui aliwashauri wazibe mlango wa juu wa kichuguu chao ili Tai asiingie, naye angelinda ule wa chini. Siku njaa ilipomshika Chui, baba wa nyumba hakuwa na pa kutokea.

Matanga yalipoanuliwa, mjane aliuzibua mlango wa juu. Chui akaja kulalamika.

"Shemeji, umeniona adui?"

"Nyumba inahitaji hewa, shemeji."

Kesho yake akatua Tai. "Pole kwa msiba, mama. Sasa ziba ule wa chini, nikulinde mimi."

"Nimepokea pole, baba. Kuziba siwezi."

"Kwani wewe uko upande wa nani?"

"Wa watoto wangu watatu."

Akasali, kisha akachimba mlango wa tatu ubavuni, kwa kucha zake mwenyewe, mwembamba wa kupita nguchiro tu. Ilimchukua siku saba.

Siku ya nane Chui alitia mkono kwa chini na Tai akatia mguu kwa juu, kila mmoja akihofia mwenzake atamtangulia. Mle ndani mkono ukakutana na mguu.

"Nimempata," alisema Chui.

"Nimempata mimi," alisema Tai, na wote wawili wakavuta kwa nguvu.

Mama Nguchiro na wanawe walikwisha kutoka ubavuni. Mtoto mkubwa akauliza kama warudi kuwaamulia.

"Waache, mwanangu. Tumshukuru Mungu, halafu tutafute udongo laini. Safari hii tutaanza na milango."