Jiwe la Kuhama

Mjini mle, anayetaka kuhama hurusha jiwe juu mbele ya watu. Likirudi chini, naye anabaki.

"Kuna lililowahi kubaki juu?" Sikudhani alimuuliza mzee wa mtaa.

"Wewe rusha kwa nguvu, binti. Si umesoma?"

"Nimesoma. Ili lisirudi, linataka mwendo wa kilomita kumi na moja kwa sekunde."

"Na asubuhi umekula nini?"

"Uji."

"Pole!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Alirusha. Vichwa vyote vikainuka kulifuata jiwe, na papo hapo Sikudhani akachomoka mbio kuelekea lango la mji. Hatua tatu tu, kanga ikamkaza kiunoni. Mama yake, peke yake katika umati ule, hakuangalia juu. Alikuwa ameing'ang'ania ncha ya kanga kwa mikono miwili, na fundo la kiunoni lilikuwa limeanza kulegea.