Kilio cha Jubilate

Jubilate alipita migombani mpaka mlangoni bila kutoa sauti, na wanawake waliokaa mkekani wakatazamana. Kijijini kwao Ngonga, mtoto wa marehemu huanza kulia tangu barabarani.

Ndani, jeneza lilikuwa wazi. Mikono ya mama yake ilikuwa imelazwa kifuani, kucha zingali na weusi wa kakao ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa.

Aliifahamu mikono ile, ikiwa imelazwa vile vile. Kwa miaka ishirini, katika kila mchezo wa jukwaani na kila filamu ya vijisenti alimoigiza baba aliyefiwa au mlevi anayejuta, alikuwa akifumba macho, anamwona mama yake amekufa, na machozi yanakuja yenyewe. Siku zote hizo mama alikuwa hai, anapepeta mpunga wake.

Sasa akafumba macho. Hakikuja kitu.

“Kaka, lia,” dada yake alimnong’oneza. “Tulikuwa tunakungoja wewe tu tuzike. Watu wanakutazama.”

Basi akalia. “Mama wee! Umeniacha na nani?” Sauti ilianzia tumboni kama alivyofundishwa, ikapasuka pale inapotakiwa kupasuka, ikawafikia hadi wanaume waliokaa nje. Wanawake wote wakaangua kilio.

Dada yake, naye akibubujikwa na machozi, akanyoosha kiganja amfute kaka yake.

Mashavu yalikuwa makavu.