Somo la Tatu

Mzee alikuwa amekosea tena. Fundi alipoona jibu kwenye skrini, roho ilimruka.

Bangili aliyoiunda ilipima mapigo ya moyo na presha, kisha ikamfundisha mvaaji kwa maswali. Ukijibu sawa, inalia kidogo na somo linafungwa. Ukikosea, inakueleza upya kwa sauti, polepole, kuanzia mwanzo. Watu arobaini walikuwa wakiijaribu. Aliyeanguka somo la tatu, lile refu kuliko yote, siku kumi na tisa mfululizo, alikuwa mmoja tu: baba yake mzazi.

Swali lenyewe hata mtoto wa chekechea angelijibu. Ukisikia kizunguzungu, ukae au ukimbie? Kila siku mzee alichagua kukimbia. Na huyu alikuwa muuguzi miaka thelathini, mtu aliyekuwa akiwafokea wagonjwa wodini wakiinuka ovyo. Kilichomtisha fundi zaidi ni mapigo. Wengine wakikosea, moyo huenda mbio. Wa mzee ulitulia tuli, kana kwamba hajali tena.

Kaka yake fundi hakutaka kuzungushwa. Alisema akili ya mzee imeanza kumtoka, anaishi peke yake tangu mama afariki, na jiko ni la gesi. Jumamosi wangeifunga nyumba na kumhamishia kwake, atake asitake. Fundi aliomba apewe siku moja.

Alimkuta baba sebuleni, mkono wenye bangili karibu na sikio. Alimuuliza tarehe, akaitaja. Alimuuliza dawa zake, akazitaja na saa zake, kisha akamtania kwamba siku hizi mafundi wanafanya kazi ya madaktari. Fundi hakucheka. Aliogopa, na alimwambia yote: siku kumi na tisa, kaka, Jumamosi.

Mzee aliushusha mkono kutoka sikioni.

Fundi akajaribu kukilaumu kifaa. "Labda maelezo hayasikiki vizuri, baba. Ile sauti tuliirekodi haraka haraka hapa nyumbani, mwaka juzi. Mimi nimeisikia sana kazini, masikio yameshaizoea. Wiki ijayo tunaitoa, tunaweka ya mtangazaji."

"Msiitoe." Mzee aliifunika bangili kwa kiganja. "Nikijibu sawa, mama yako ananyamaza."