Niko Kona

Miguu ya mkunga iligoma katikati ya mlima wa tatu. Alikanyaga pedali, goti likatetemeka kama la ndama aliyezaliwa sasa hivi, baiskeli ikalala naye pembeni mwa barabara. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni; alikurupuka tu bintiye alipompigia simu kusema uchungu umeanza.

Simu ikalia.

"Mama, umefika wapi?"

Akatazama mlima uliobaki, na mwingine nyuma yake.

"Niko kona hapo, mwanangu," akasema, kama anavyowaambia wajawazito wote ili wasihofu.

"Afadhali!" Binti akashusha pumzi. "Jirani alikuja na gari anipeleke hospitali. Nimemwambia aende zake, mama ndiye huyo anaingia."

"Mwite arudi!" mkunga akapiga kelele.

Simu nayo ilikuwa imezima.