Joto la Wifi

"Nipe hivyo vidonge vyako vya homoni, wifi. Hata vitatu tu. Tangu hedhi ikome silali kwa joto."

Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, likaning'inia hapo.

Mwaka juzi, nilipolowa hivyo mbele ya ukoo mzima, yeye ndiye aliyecheka: "Masikini kaka yangu, analala na tanuri." Mkuki kwa nguruwe.

Vidonge vilinirudishia usingizi. Ila kabla ya kunipa, daktari aliniuliza kama damu imewahi kuniganda mwilini, kwa sababu mtu wa namna hiyo vidonge hivi vinaweza kumuua.

Wifi damu iliwahi kumganda mguuni. Nilimuuguza kwa mikono yangu.

"Havina madhara?" akauliza, kiganja wazi.

"Mimi vimenifaa sana," nikamjibu, nikavuta droo.